Zambarau, Forosadi na Mapera Machanga

Binti yangu aliniona bahili. Tulikuwa dukani, yale maduka ya kusukuma kitoroli, akachukua chupa ya jamu yenye picha ya matunda madogo mekundu na meusi ambayo mimi sijawahi kuyaona mtini, akaitia kwenye kitoroli. Nikaitoa. Akairudisha. Nikaitoa tena, nikamwambia kwa sauti ambayo hata mimi sikuitegemea, "Nimesema hapana! Hapana yangu huwa mnaisikiaje, jamani?" Watu wakageuka. Mtoto akanuna mpaka nyumbani, na kesho yake akaenda kuinunua kwa hela yake mwenyewe, akaja kuifungulia mezani kwangu. Harufu ilipotoka nikainuka, nikaenda kusimama uani nikijifanya naangalia nguo kama zimekauka.

Ubahili ninao, sikatai. Ila siku ile haukuwa ubahili. Mama yangu tumemzika mwaka jana, kwa hiyo sasa naweza kulisema jambo hili bila kumvunja moyo mtu mwingine yeyote. Wangu umeshazoea.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka sukari ilivyorudi enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wazazi walikuwa wamechoka kutusimulia foleni za duka la kaya, mara ghafla kila kiduka cha mtaani kwetu Igogo kikawa na gunia la sukari limefunguliwa mdomo pale mlangoni. Mitumba ikashuka, biskuti za nje zikashuka, sabuni za kunukia mpaka unapiga chafya. Na ruksa hiyohiyo ikamrudisha baba nyumbani. Alikuwa fundi mashine kwenye kiwanda cha nguo, mashine zikasimama, wakaambiwa wamsubiri mwekezaji. Kila asubuhi baba alivaa shati lake la kazi akaenda kukaa getini na wenzake kumsubiri. Mimi nilidhani mwekezaji ni mtu mmoja, mwenye jina na begi, na kwamba angeshuka kwenye meli ya Bukoba, kwa sababu wageni wetu wote walishuka kwenye meli ya Bukoba.

Meli ikaleta mgeni kweli. Akawa mama mdogo Jovitha.

Alikuwa anamfuata mama yangu, tumbo moja, wawili tu kati yao hakuna mwingine. Nilimkumbuka kama mwanamke mwenye mashavu, anayecheka mpaka anajipiga mapaja. Aliyeletwa na mkokoteni kutoka bandarini alikuwa mtu mwingine, amejifunga khanga mbili juu ya sweta na jua lile la saa nne. "Shikamoo, mama mdogo," nikasema, nikimwangalia mama anihakikishie kwamba ndiye. "Marahaba, mwanangu. Njoo nikuone ulivyokua." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto na mwepesi, na nikaona aibu kwa sababu nilitamani auachie.

Akapewa chumba cha kaka yangu Deo, ambaye alikuwa seminari huko Kagera. Hakuna aliyeniambia anaumwa nini. Kwa wageni mama alisema ni kifua. Majirani walipouliza walishusha sauti, na walipoondoka walishusha zaidi. Kikombe chake mama alikifunga uzi mwekundu kwenye kishikio, akaniambia nisikichanganye na vingine. Nilidhani ni heshima ya mgonjwa. Nikaomba na changu kifungwe uzi, mama akanifokea mpaka nikalia.

Lakini jambo moja watu wote walilisema kwa sauti kubwa, kila aliyesimama pale mlangoni, na wengi waliishia hapohapo mlangoni. "Ale tu. Akila, atapona." Baba alilisema. Katekista alilisema. Mama Kabula, jirani yetu wa Kisukuma tuliyepakana naye ukuta, alilisema kila siku mara mbili, akimwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, mlazimishe ale. Akila huyu anainuka." Mimi nilikuwa na miaka tisa. Wakubwa kumi wakisema neno moja, mtoto anaamini. Nikajua kabisa kwamba tatizo la mama mdogo ni kula, na kwamba dawa yake imeshajulikana.

Shida ni kwamba hakuweza kula. Ulimi wake ulikuwa umeota ukoko mweupe, na koo lilimuuma hata kwa maji. Mama alimpikia uji wa ulezi, akautema. Supu ya sato, akageuza uso. Ndizi za kwao, zilizopondwa laini na maziwa, akaonja vijiko viwili akalia machozi, mtu mzima, akasema, "Dada, nisamehe." Mama akatoka na sahani, akakaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba. Nyumba za mlimani kwetu zimebanana na mawe, kila familia ina jiwe lake la kuanikia na la kulilia. Nikamfuata, akanifukuza.

Siku moja mama mdogo akasema mwenyewe, amefumba macho, "Dada, unakumbuka jamu ya masista?"

Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mgeni aje. Wote wawili walilelewa na masista walipokuwa wasichana, na kazi yao ilikuwa jikoni, kuwapikia mapadri jamu ya kupaka kwenye mkate wa Jumapili. Matunda yenyewe ya jamu za Ulaya hayapo kwetu, kwa hiyo masista walibuni ya kwao: zambarau kwa rangi, forosadi kwa utamu, na mapera machanga, yale magumu ya kijani, kwa sababu bila hayo jamu haigandi, inabaki kuwa sharubati. Wasichana hawakuruhusiwa kuila. Walilamba mwiko sista akigeuka.

"Sasa hivi zambarau zimeiva," mama akasema. "Na sukari ipo. Kwa nini nisikupikie?"

Nikatumwa. Zambarau niliziokota chini ya miti ya barabara ya bandarini, beseni zima, nikarudi na miguu ya zambarau na ulimi wa zambarau. Forosadi mama aliziomba parokiani, ambako mti ulikuwa umelalia uzio. Mapera nilikwenda kuyachuma uani kwa Mama Kabula, naye akatoka na mwiko mkononi.

"Wewe! Hata yasiyoiva? Utaharisha mpaka ujute!"

"Si ya kula, shikamoo. Ni ya jamu ya mama mdogo."

Akashusha mwiko. "Marahaba. Chuma basi. Chuma na yale ya juu."

Mama alikuwa mwalimu, na alipika jamu ile kwa ualimu wake wote. Mapera yalikatwakatwa na kuchemshwa peke yake, yakakamuliwa kwenye kitambaa mpaka yakatoa maji ya kuteleza. Zambarau zilitolewa kokwa moja moja, kazi yangu, vidole vikabaki na rangi wiki nzima na mwalimu wangu akanichapa akidhani nimechezea wino. Kisha vyote vikaingia sufuria moja na sukari na ndimu, moto wa mkaa, na mama akakoroga bila kupumzika, jasho likimtiririka puani. Sahani ya bati ilikuwa inaelea kwenye maji ya mtungi ili ipoe. Kila baada ya muda alidondosha tone juu yake, akalisukuma kwa kidole. Likikimbia, bado. Likijikunja ngozi, tayari. Alipoona limejikunja alipiga kelele, "Jovi! Imekubali!" na kutoka chumbani mama mdogo akajibu kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Kama haijaungua!"

Chupa zilikuwa za kahawa na za achari, tulizichemsha kwanza. Jamu ikamiminwa ingali ya moto, na juu yake mama akamwaga mshumaa ulioyeyushwa, kidole kimoja cha nta nyeupe, kuziba. Nikauliza kwa nini.

"Hewa isiingie. Ikifungwa hivi inakaa hata mwaka, haiozi."

"Hata tunda lenyewe likiisha mtini?"

"Hata likiisha. Ndiyo maana ya jamu."

Zilipatikana chupa sita. Kijiko cha kwanza mama mdogo alikunja uso, ndimu ikamchoma. Cha pili akakishikilia mdomoni, akakiacha kiyeyuke chenyewe, akameza. Tukaangaliana mimi na mama. Cha tatu akaomba mwenyewe. Jamani, sijui niwaambieje. Jioni ile alikula vijiko saba, na kesho yake mama akamchanganyia kwenye uji mwepesi na uji ukapita. Baada ya siku nne alikaa kitandani, akanisuka nywele. Alisuka vibaya, mistari imepinda, nikaenda shule nikiringa.

Mama akampelekea Mama Kabula kikombe cha jamu kumshukuru kwa mapera. Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti la Kisukuma. Kesho yake kuku wake walipita uani kwetu na midomo ya zambarau. Mama aliwaona, nami nilimwona akiwaona.

Kwa hiyo jamu ilikuwa inaliwa na mtu mmoja, nayo ilikuwa inaisha. Hapo ndipo nilipoanza kufanya hesabu zangu. Kati ya chupa ya sita na jamu tuliyopika mara ya pili zilipita siku tatu bila jamu, kwa sababu sukari ilikuwepo lakini forosadi zilichelewa, na siku hizo tatu mama mdogo alilala kifudifudi, hakusema na mtu. Jamu ikarudi, akarudi. Niliona kwa macho yangu. Hakuna aliyenifundisha. Halafu nikamsikia mama akimwambia baba jikoni, "Kinachomshikilia ni jamu hii tu. Na zambarau ndizo hizo zinaisha. Ikiisha, sijui." Baba akavua shati lake la kazi, akalitundika. Alikuwa ametoka getini, mwekezaji hakuja.

Mara ya pili tulipata chupa nne. Mara ya tatu nilizunguka miti yote mpaka karibu na reli, nikaambulia zambarau za mwisho, nyingine zimeshakauka, na forosadi za parokiani zilikuwa majani matupu. Mama alikamua alichoweza. Ikatoka chupa moja.

Niliitazama chupa ile ikipoa juu ya jiwe na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha. Mama alifundisha asubuhi na mimi nilisoma zamu ya mchana, kwa hiyo kuanzia saa moja mpaka saa sita tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na mgonjwa. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Nikawaza hivi, na nawaapia ilikuwa akili ya mtoto aliyempenda mtu: jamu ikiwepo, yupo. Ikiisha, anaisha. Basi isiishe. Inakaa mwaka mzima, mama mwenyewe amesema. Mwaka mzima ni mpaka zambarau nyingine.

Asubuhi iliyofuata sikuitoboa nta. Mama mdogo alikuwa amelala. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku lake la bati, nikalivuta polepole, nikaiviringisha chupa ndani ya gauni lake la kanisani, nikafunga. Pale hakuna ambaye angeitafuta. Chumba chenyewe watu walikiogopa, sembuse sanduku.

Siku ya tatu mama akauliza, "Ile chupa imefika wapi?"

"Imekwisha."

"Imekwisha? Chupa nzima?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema neno la kwanza lililokuja. "Alikula sana."

Uso wa mama ulivyofunguka sitausahau mpaka nami niingie kaburini. Alikaa kwenye kigoda, mikono kichwani, akacheka na machozi yanamtoka. "Alikula! Chupa nzima siku tatu! Ee Mama Bikira." Akatoka mbio, hajavaa hata kandambili, nikamsikia ng'ambo ya ukuta: "Mama Kabula! Mgonjwa wangu anakula!" Na Mama Kabula: "Si nilikwambia? Si nilikwambia mimi?" Baba aliporudi naye akaambiwa. Usiku ule baba alisali sala ya kushukuru, nami nikaitikia amina pamoja nao. Ningesemaje? Kila aliyefurahi aliongeza msumari mmoja kwenye mlango ambao mimi ndiye niliyekuwa nimejifungia.

Mama mdogo hakuwa anakula kitu. Alikuwa anatia maji mdomoni. Nilimpa uji, akagusa na midomo, na uliobaki nikaumwaga nyuma ya jiwe ili mama asiumie. Nilidhani nasaidia.

Na aliiomba. Hili ndilo nililolibeba. Ilikuwa asubuhi, kuku wa Mama Kabula wanaparura nje, akafungua macho akaniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo yeye peke yake alilitumia.

"Ile ya zambarau ipo?"

Ilikuwa chini yake, hatua mbili kutoka magotini pangu.

"Imekwisha, mama mdogo. Mpaka msimu ujao."

Akalamba midomo yake. "Hata ya kulamba?"

"Hata ya kulamba."

"Basi," akasema. "Msimu ujao." Akajaribu kutabasamu, midomo ikamchanika ikatoa damu, nikamfuta kwa ncha ya khanga. Akaniuliza zambarau huwa zinachanua lini, nikamwambia sijui, akasema nimuulize mwalimu. Niliuliza siku hiyohiyo. Mwalimu akasema nikae chini, somo ni hisabati.

Msinilaumu kabla hamjasikia mpango wangu. Nilikuwa nimepanga kwamba siku hali ikiwa mbaya kweli, mbaya ya mwisho, ndipo nitaitoa, nimpe kijiko kimoja, ainuke kama alivyoinuka mwanzo, halafu niirudishe. Nilikuwa naibania kwa ajili ya siku hiyo.

Siku hiyo ilikuja Jumamosi mchana. Nilikuwa nachota maji bombani, nikarudi na ndoo kichwani nikakuta mlango wa chumba umefungwa na sauti za watu ndani. Mama, Mama Kabula, na yule katekista akianza litania. Mama Kabula, aliyekuwa haingii, siku ile alikuwa ndani. Nikatua ndoo nikasukuma mlango. Ukafunguka kidogo, baba akausimamia.

"Kaa nje, mwanangu."

"Baba, naomba niingie mara moja."

"Nimesema kaa nje. Humu si pa watoto."

"Nataka kumpa jamu."

Baba akageuza uso. Mama akasikia kutoka ndani, akaja mlangoni. Nilimshika gauni. "Mama, jamu ipo, mama, niache nimpe, kijiko kimoja tu!" Mama alipiga magoti, akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikaumia. Alikuwa ananuka jasho na dawa ya kusugulia.

"Ilikwisha, mama yangu. Si uliniambia mwenyewe ilikwisha? Aliila yote. Umemlisha vizuri, umesikia? Umemlisha vizuri sana."

"Haikuisha!"

"Sawa. Sawa, mwanangu. Nenda kwa Mama Kabula ukakae na watoto." Alidhani ni huzuni inanisemesha. Akaingia, na nikasikia komeo.

Nilipiga mlango ule. Nilipiga mpaka baba akatoka akanibeba juu juu, mimi mtoto wa miaka tisa mwenye miguu mirefu inayoburuzika, akanipeleka ng'ambo ya ukuta, akaniweka chini kati ya watoto waliokuwa wanakula viazi. Mmoja akanipa kiazi. Nilikuwa bado nimekishika niliposikia mama akipiga yowe.

Kwetu mtu hazikwi ugenini. Siku ya Jumatatu jeneza likapelekwa bandarini, na mama akasafiri nalo, baba akabaki na mimi. Niliona mizigo ikipandishwa: jeneza, mkungu wa ndizi wa njiani, ndoo, na mpagazi mmoja akiwa na sanduku la bati kichwani, akipita kwenye daraja la meli kwa kasi, akiliyumbisha. Nikamwambia baba, "Sanduku lile!" Akasema, "Ndiyo, ni la marehemu, linarudi kwao." Nikasema, "Baba, kuna kitu," na honi ya meli ikalia, ile honi ya tumboni, na baba akaniinamia akauliza nilikuwa nasemaje. Nikasema hakuna kitu. Sanduku lilikuwa limeshaingia.

Mama alikaa Bukoba wiki mbili. Aliporudi alikuwa amenyolewa nywele. Alinipungia tu kutoka kwenye meli, na njia nzima mpaka Igogo aliongea na baba habari za msiba, nani alikuja na nani hakuja. Mimi nilibeba kikapu. Tulipofika, baba akaenda kumwita Mama Kabula aje kumpa mama pole, na mama akaniambia nikae.

Akanisimulia taratibu, macho yake yakiwa kwenye vidole vyake. Siku ya kuanua matanga, bibi aliomba sanduku la mwanawe lifunguliwe mbele ya akina mama wote ili nguo zigawiwe. Walipofunua gauni la kanisani wakakuta chupa, imejaa, na nta yake haijaguswa. Bibi akauliza ni nini. Mama akasema ni jamu, aliyokuwa anaipenda. Na bibi, ambaye kwa siku zote za msiba alikuwa analia kwamba mtoto wake amekufia mbali, labda na njaa, aliinyanyua chupa ile juu, akawaonyesha wanawake waliokaa mkekani.

"Akasema, 'Tazameni. Mwanangu hakufa na njaa. Alikula, akashiba, akabakiza.' Wakapiga vigelegele palepale msibani. Bibi yako akanyamaza kulia tangu hapo. Nami nikasema ndiyo, Mama, alibakiza."

Nje, sauti za baba na Mama Kabula zilikuwa zinakaribia. Mama akanishika kidevu akaniinua uso. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

"Uliificha wewe."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sikuulizi kwa nini. Nimeshajua kwa nini, nilikuwa na wiki mbili za kufikiri." Sasa akaniangalia machoni. "Nakuuliza jambo moja tu, na uniambie kweli. Aliiomba?"

Niliutazama uso wa mama, kichwa kile kilichonyolewa, macho yaliyovimba, na nikaona kwamba amekuja na swali hilo kutoka Bukoba, kwamba kwenye meli hakulala.

"Hapana," nikasema. "Hakuiomba hata siku moja."

Mama akafumba macho. "Afadhali," akasema. "Afadhali, mwanangu." Akanifuta pua kwa khanga yake, akaniambia nikafungue mlango, wageni wamefika.